Uzi: Kura ya Athens ilitoka kwenye kasia

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Naomba mnivumilie maana huu uzi ni mrefu na nitaushusha kwa vipande, kuna jambo limenikaa kichwani muda sasa kuhusu Wagiriki wa kale na kila ukianzishwa mjadala wa demokrasia humu naona tunaanzia pale pale, kwamba ilizaliwa Athens kwa sababu kule kulikuwa na wanafalsafa, watu wenye akili wakakaa wakafikiri wakaona ni vyema kila raia apige kura. Haikuwa hivyo. Mageuzi ya Cleisthenes, yule mwanasiasa aliyeanzisha mfumo wenyewe, ni ya mwaka 508 KK, Socrates kazaliwa karibu na 470 KK, yaani mfumo ulikuwepo kabla yake, na mwanafunzi wake Plato hakuupenda kabisa. Ukitaka kujua nani aliipa ile demokrasia nguvu usiangalie wanafalsafa, angalia watu wenye malengelenge mikononi. Wapiga makasia.

Tuanze mbali kidogo. Ugiriki ya wakati ule haikuwa nchi moja, ilikuwa ni miji mingi inayojitegemea, mingine midogo kama kata tu, kila mmoja na sheria zake, sarafu yake, kalenda yake, na majirani walipigana karibu kila msimu wa kiangazi. Na hakukuwa na jeshi la kulipwa mshahara na serikali kama tunavyojua leo. Raia ndo jeshi. Unajinunulia mwenyewe ngao, mkuki, kofia ya shaba, halafu vita ikitangazwa unatoka na wenzako. Sasa hapo ndo siri ilipo, maana vifaa vile vilikuwa ghali, kwahiyo mkulima mwenye shamba zuri na jozi ya ng'ombe anaweza kuvinunua ila kibarua hawezi. Na ile ngao yao ya duara, karibu mita moja kwa upana, ukiishika mkono wa kushoto nusu inakukinga wewe na nusu inamkinga aliye kushoto kwako. Thucydides, ambaye alikuwa jenerali kabla ya kuwa mwandishi wa historia, anasema majeshi yote yakisogea yalikuwa yanavutika kuelekea kulia kwa sababu kila askari anajibana kwenye ngao ya mwenzake wa kulia. Mtu wa namna hiyo, aliyesimama na jirani yake bega kwa bega wakapona, huwezi kumwambia kesho yake kwamba mambo ya mji hayamhusu. Kwahiyo wenye ngao wakapata sauti mjini. Maskini wasio na ngao wakabaki nje, au ndani kwa jina tu.

Athens waligawanywa matabaka manne tangu enzi za Solon, mtunga sheria wao, mwaka 594 KK, kwa kuangalia mtu anavuna nini. Tabaka la chini kabisa waliitwa thetes, vibarua, wavuvi, mafundi wadogo wadogo. Mkutanoni waliruhusiwa kuingia lakini vyeo hawakuruhusiwa. Na vitani hawakuwa na la maana.

Halafu mwaka 483 KK ikapatikana fedha. Namaanisha madini ya fedha, mkondo mnono kule Laurion, kusini mwa Athens. Wazo la kwanza la watu likawa lile ambalo lingekuja popote, tugawane, Herodotus, mwandishi wa historia wa kale, anataja drakma (sarafu ya fedha) kumi kwa kila mtu. Akasimama bwana mmoja anaitwa Themistocles akasema hapana, tujenge meli za vita. Hoja aliyoitumia ilikuwa vita yao na kisiwa cha Aegina pale jirani, lakini wengi wanaamini macho yake yalikuwa yanaangalia mbali zaidi, Uajemi, ambao walishapigwa Marathon mwaka 490 KK na ilijulikana watarudi. Mkutano ukamkubalia. Fikirieni hilo wakuu, watu maskini wamepiga kura kuacha hela mkononi.

Miaka mitatu baadaye Xerxes, mfalme wa Uajemi, kaja na jeshi kubwa mno. Utabiri wa Delphi, hekalu la waaguzi, ulishawaambia ukuta wa mbao tu ndo utasalimika, wengine wakasema ni uzio wa Akropoli, kilima cha mahekalu katikati ya mji, Themistocles akasema ukuta wa mbao ni meli. Wakahama mji mzima, wake na watoto wakapelekwa mji wa Troezen, ambako Plutarch, mwandishi wa baadaye, anasema wenyeji waliwapa posho ya oboli (sarafu ndogo) mbili kwa siku, wakaruhusu watoto kuchuma matunda popote na wakawalipia walimu. Kuna kijana wa kitajiri, Cimon, mpanda farasi, alipita katikati ya mji kapeleka lijamu ya farasi wake hekaluni kwa Athena, akachukua ngao iliyotundikwa pale akashuka pwani. Maana yake farasi kwa siku ile hana kazi.

Kule kisiwa cha Salamis, kwenye vita ya baharini ya Septemba 480 KK, Waathene walikuwa na meli zao kama 180. Piga hesabu, kila meli wapiga makasia 170, hiyo ni zaidi ya watu elfu 30. Matajiri wa kujaza viti vile hawakuwepo. Aliyekaa pale ni yule yule kibarua asiye na ngao. Na wakashinda.

Naendelea chini, ngoja nipumue.

#2 Mchangiaji

Mkuu uzi mzuri, lakini wale wapiga makasia si walikuwa watumwa wamefungwa minyororo wanachapwa viboko? Ndivyo tunavyoona kwenye filamu.

#3 Mleta uzi

Asante mkuu kwa swali, hilo ni kosa la wengi na lilikuwa langu pia. Ile picha ya minyororo ni ya meli za Mediterania za karne nyingi baadaye. Athens ya karne ya 5 KK ilitumia watu huru, raia maskini, wageni wakazi na wageni wa kuajiriwa, na walilipwa. Watumwa pia walikuwepo kwenye baadhi ya meli, nitawafikia, lakini sio kwa mnyororo.

Hebu tuiangalie ile meli kwa karibu maana bila kuielewa hutaelewa siasa yao. Urefu kama mita 37, upana hauzidi mita 6, nyembamba kama samaki. Mbele kwenye gubeti chini ya maji kuna pembe ya shaba ya kutobolea meli ya adui. Watu 200 humo ndani, 170 ni wa makasia, wamekaa ngazi tatu, wa juu 62, wa kati 54, wa chini 54, kila mtu na kasia lake moja. Wa chini kabisa, kule karibu na ngama, hawaoni bahari hata kidogo, tundu la kasia limevishwa mfuko wa ngozi ili maji yasiingie, na jasho la wote waliokaa juu linawadondokea wao. Sasa watu 170 wasioonana wapige kwa pamoja kama mtu mmoja, wakifuata filimbi. Mmoja akikosea, kasia lake linagongana na la mwenzake na upande mzima unavurugika. Mwaka 1987 ilijengwa meli ya mfano kule Ugiriki, inaitwa Olympias, wakaweka wapiga makasia wa kujitolea, na moja ya mambo waliyoyaona ni kiasi cha maji ambacho watu wale walihitaji kunywa. Joto la humo ndani sio mchezo.

Kila mpiga kasia alikuwa na vitu vyake vitatu, kasia, mto wa kukalia na kile kitanzi cha kufungia kasia kwenye ubavu wa chombo, watu wa pwani wanakiita kishwara. Najua hivyo kwa sababu Thucydides anasimulia kwamba majira ya baridi ya 429 KK, wakati wa vita ya Athens na Sparta, mabaharia wa upande wa Sparta walitembea kwa miguu kutoka Corinth mpaka bandari ya Megara, kila mmoja kabeba kasia lake, mto wake na kishwara chake, waende kuchukua meli 40 zilizokuwa kule waishambulie bandari ya Athens kwa kushtukiza. Mpango haukufika mwisho lakini mimi ile safari siachi kuiwaza, maelfu ya watu usiku barabarani na makasia begani na mito kwapani.

Kitu kingine kikumbukeni maana kitarudi mwishoni, meli ile haina nafasi ya kulala wala ya kupikia. Jioni lazima muivute ufukweni, watu washuke watafute chakula.

#4 Mchangiaji

Hapo kwenye kishwara umenikumbusha mbali, mimi nimekulia visiwani na mzee wangu alikuwa mvuvi. Kupiga kasia sio nguvu ni kusikilizana. Ukiwa na mtu mwenye nguvu asiyesikiliza wenzake bora umwache nchi kavu.

#5 Mleta uzi

Umenena mkuu, na naona hiyo ndo elimu ya siasa waliyoipata wale watu.

Tuendelee. Baada ya Salamis hawa vibarua walirudi mjini wakijua wao ndo walioukoa, na Athens sasa inaongoza umoja wa miji ya visiwani na pwani, ulianzishwa 478 KK, unaotegemea meli mwaka mzima. Bila wao hakuna umoja, hakuna kodi, hakuna ngano inayotoka Bahari Nyeusi. Ukitazama miaka inavyofuatana utaona kitu. 462 KK mwanasiasa Ephialtes analivua baraza la wazee wa kitajiri karibu mamlaka yake yote ya kisiasa, yanahamia kwenye mkutano wa wananchi, baraza la watu 500 na mahakama za raia. Ephialtes akauawa, lakini mabadiliko yakabaki. Pericles, kiongozi aliyemfuata, akaja akaanzisha posho ya kukaa mahakamani ili maskini asipoteze siku yake ya kazi bure, oboli mbili, baadaye mwanasiasa Cleon akaongeza ikawa tatu. Vyeo vingi vikagawiwa kwa kura ya bahati nasibu, jina lako likitoka umepata, uwe muuza samaki au mwenye mashamba.

Mkutano wenyewe ulikaa kwenye kilima kinaitwa Pnyx, na kuna maamuzi yaliyohitaji watu wasiopungua 6,000 kuwepo. Watu wakichelewa kwa kupiga soga sokoni, walipitishwa kamba iliyopakwa rangi nyekundu kuwasukuma waende, na shati lako likipata doa kila mtu anakujua wewe ni mzembe. Ukitaka kumfukuza mwanasiasa mnayemwogopa mnaandika jina lake kwenye kigae cha chungu, vikifika 6,000 anaondoka miaka kumi, mali yake inabaki. Wachimbaji walikuta kwenye kisima kimoja karibu na Akropoli vigae kama 190 vyenye jina la Themistocles, na ukiangalia mwandiko ni wa watu wachache tu, kama 14. Yaani kuna watu walikaa wakaviandika mapema waje kuvigawa. Na kweli Themistocles yule yule aliyewaokoa akafukuzwa, akaishia kuishi kwa mfalme wa Uajemi. Mbinu za uchaguzi ni za zamani sana wakuu.

Kuna mtu wa wakati ule, jina lake halijulikani, kaandika kijitabu cha kuisema vibaya demokrasia ya Athens, anawadharau maskini waziwazi. Lakini hata yeye anakiri ni haki maskini wawe na uzito kuliko matajiri pale mjini kwa sababu wao ndo wanaoendesha meli na wao ndo wanaoupa mji nguvu. Adui anapokubali jambo namna hiyo mimi namwamini.

#6 Mchangiaji

Mleta uzi mbona Sparta unaipita? Wale ndo wanaume. Hawakuwa na porojo za kupiga kura, nidhamu tu, na mwisho wa siku wao ndo walioipiga Athens.

#7 Mleta uzi

Sijaipita mkuu nilikuwa nakuja, na nitakujibu kwa heshima maana Sparta ina mengi ya kustaajabisha. Mtoto wa kiume anachukuliwa akiwa na miaka 7 anaingia kwenye malezi ya kijeshi, wanaume wanakula pamoja kwenye mabweni ya chakula, wafalme wawili kwa wakati mmoja ili wachungane, waangalizi watano wanaochaguliwa kila mwaka ambao wanaweza hata kumshtaki mfalme. Na kura walipiga, ila kwa kelele! Wakichagua mzee wa baraza, wagombea wanapita mmoja mmoja mbele ya watu, waamuzi wamefungiwa chumba cha jirani hawaoni, wanasikiliza tu nani kashangiliwa zaidi. Wanawake wao walikuwa na uhuru mkubwa kuliko wa Athens, wanafanya mazoezi, wanamiliki ardhi, Aristotle analalamika karibu sehemu mbili ya tano ya nchi ilikuwa mikononi mwao. Mwanamke wa Athens hakuwa na hayo.

Lakini nani alikuwa analima? Maana mwanaume wa Sparta halimi, hafanyi biashara, hana ufundi zaidi ya vita. Waliolima ni maheloti, watu wa Messenia na Laconia waliotekwa na nchi yao wakafanywa watumwa wa pale pale kwao, wengi kuliko mabwana zao kwa mbali. Kila mwaka waangalizi wapya wakiingia ofisini wanatangaza rasmi vita dhidi ya maheloti ili kuwaua isiwe dhambi. Thucydides anasimulia kisa ambacho kila nikikisoma nanyamaza. Wasparta walitangaza kwamba maheloti waliojiona wamepigana vizuri zaidi vitani wajitokeze waachiwe huru. Wakachaguliwa kama 2,000, wakavishwa mataji ya maua, wakazunguka mahekalu wakishangilia. Muda mfupi baadaye wakatoweka wote, na hakuna aliyejua kila mmoja kauawa vipi. Hesabu yao ilikuwa kwamba atakayetangulia kujitokeza ndo mwenye moyo wa kuasi kesho.

Linganisha sasa na ile kasia. Athens mtu akiulinda mji anadai nafasi na anaipata, pole pole, kwa ugomvi, lakini anaipata. Sparta anayeulinda mji akiwa si Msparta anapewa taji na kaburi. Nao Wasparta wenyewe, mwanaume akishindwa kuchangia chakula cha bweni anapoteza uraia na hapati njia rahisi ya kurudi. Herodotus anataja Wasparta kama 8,000 enzi za Xerxes. Ukifika vita ya Leuctra, 371 KK, raia halisi waliokuwa uwanjani walikuwa 700 hivi, na 400 kati yao wakafa siku moja mbele ya jeshi la mji wa Thebes la jenerali Epaminondas, aliyepanga ubavu wake wa kushoto kwa kina cha watu 50. Mwaka uliofuata Epaminondas akaingia mpaka Laconia, nchi ya Sparta yenyewe, maheloti wa Messenia wakawa huru na wakajengewa mji wao. Sparta haikuinuka tena kama zamani. Iliishiwa watu kwa sababu ilikataa kuongeza watu.

#8 Mchangiaji

Sawa lakini unaipamba sana Athens. Watumwa machimboni je? Melos je? Wale raia wako wa makasia ndo waliopiga kura kuua watu.

#9 Mleta uzi

Kweli kabisa mkuu, na nisingependa uzi huu uishe bila hilo. Fedha ile ya Laurion iliyojenga meli ilichimbwa na watumwa kwenye mashimo membamba, na kibarua aliyepata sauti mkutanoni hakuwahi kuwatetea wale. Pericles mwenyewe mwaka 451 KK akabana uraia, lazima baba na mama wote wawe Waathene. Umoja wa visiwa ukageuka himaya, hazina ikahamishwa kutoka kisiwa cha Delos kuja Athens 454 KK, mwanachama akitaka kutoka anarudishwa kwa nguvu.

Nitawapa kisa kimoja kwa kirefu, 427 KK, mji wa Mytilene kisiwani Lesbos uliasi ukashindwa. Mkutano ukakaa kwa hasira, ukaamua wanaume wote wazima wauawe, wake na watoto wauzwe. Meli ikatumwa siku ile ile kupeleka amri kwa jenerali Paches. Watu wakaenda kulala. Asubuhi wakaamka na mzigo moyoni, wakaona tumeamua kitu kikali mno, mji mzima badala ya wenye hatia. Mkutano ukaitwa upya. Cleon akasimama akasema msiyumbe, himaya haiendeshwi kwa huruma. Akasimama Diodotus, hakuleta huruma hata yeye, alisema mkiua wote basi siku nyingine mji ukiasi hautasalimu amri kamwe, watapigana mpaka mwisho. Mikono ikanyooshwa, karibu sawa kwa sawa, Diodotus akashinda kidogo.

Sasa meli ya kwanza ina kama siku moja na usiku mbele. Ikatumwa ya pili. Wajumbe wa Mytilene waliokuwepo Athens wakawapa mabaharia divai na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi kubwa wakiwahi. Wale watu wakapiga makasia wakila hapo hapo mkononi, unga umekandwa na divai na mafuta, wengine wanalala wengine wanapiga, kwa zamu, hawakushuka pwani kama kawaida. Ni zaidi ya kilometa 300 za bahari. Upepo haukuwapinga, na meli ya kwanza ilikuwa inajikokota maana nani ana haraka ya kupeleka habari kama ile. Paches alikuwa ameshaisoma amri na anajiandaa kuitekeleza meli ya pili ilipoingia bandarini. Mji ukapona, ingawa viongozi wa uasi waliuawa, na Thucydides anataja zaidi ya elfu moja, sio wachache hata kidogo.

Miaka kumi na moja baadaye, 416 KK, kisiwa cha Melos kikakataa kujiunga nao, na safari hii hakuna meli ya pili iliyotumwa. Wanaume wakauawa, wake na watoto wakauzwa. Mwaka uliofuata mkutano ule ule ukashangilia safari ya Sicily, ambayo iliishia 413 KK kwenye machimbo ya mawe ya Syracuse, mateka wasiopungua 7,000 shimoni juani, kila mmoja kwa siku kibaba kidogo cha maji na vibaba viwili vya nafaka. Baadhi yao bila shaka ni wale wale waliokuwa wamenyoosha mikono. Sitetei hilo. Mkono unaopiga kasia unaweza kupiga kura ya kuua, na kule ulipiga.

#10 Mchangiaji

Mkuu malizia basi, Athens ilishindwaje wakati bahari ilikuwa yao?

#11 Mleta uzi

Pesa na tumbo. Uajemi uliingia ukaanza kuwalipia Wasparta meli. Kijana wa kifalme wa Uajemi, Cyrus, alimpa Lysander, kamanda wa meli za Sparta, hela za kupandisha ujira wa baharia kutoka oboli tatu kwa siku mpaka nne, na wapiga makasia wa kukodiwa wakaanza kuhamia kwenye oboli nne. Hao huwezi kuwalaumu, mtu ana watoto.

Ila kabla ya hapo nisisahau mwaka 411 KK. Matajiri wakaipindua demokrasia pale mjini, wakaweka utawala wa watu 400. Meli zilikuwa Samos. Mabaharia wakakaa mkutano wao kule kisiwani, wakavua vyeo makamanda wasiowaamini, wakachagua wengine, wakasema sio sisi tuliouasi mji, mji ndo umetuasi sisi. Miezi michache tu wale 400 wakaanguka. Kwahiyo demokrasia ya Athens kuna wakati haikuwa Athens, ilikuwa ufukweni Samos pamoja na makasia.

406 KK meli zao zikazingirwa Mytilene na watu hawatoshi. Wakapiga kura waingize kila mtu mwenye umri wa kufaa, huru na mtumwa, wakatoa meli 110 ndani ya siku 30. Wakashinda pale visiwa vya Arginusae, na watumwa waliopiga kasia wakapewa uhuru na uraia. Halafu mkutano huo huo ukawahukumu kwa pamoja majenerali walioshinda, kwa kuacha mabaharia walioanguka majini wakati wa dhoruba, sita wakauawa, Socrates alikuwa kwenye zamu ya kusimamia mkutano akakataa kukubali kura ile isiyo ya kisheria, hakusikilizwa. Baadaye wakajuta.

Mwaka uliofuata, Aegospotami. Nilisema meli haina jiko. Waathene waliegesha kwenye ufukwe usio na soko, kila siku wanatoka kumchokoza Lysander, hatoki, wanarudi, wanashuka na kutawanyika mbali kutafuta chakula. Alcibiades, jenerali wao wa zamani, alikuwa anaishi jirani akawaonya, wakamfukuza. Siku ya tano Lysander alisubiri mpaka wametawanyika, akavuka. Meli nyingi zilikamatwa zikiwa tupu. Meli ya Paralus, ambayo wapiga makasia wake wote walikuwa raia na wakereketwa wa demokrasia, ilipona ikapeleka habari usiku. Xenophon, mwandishi wa wakati ule, anasema kilio kilianzia Piraeus, bandari ya Athens, kikapanda kati ya zile kuta ndefu zilizounganisha bandari na mji mpaka mjini, mtu anampasha mtu, na usiku ule hakuna aliyelala.

404 KK wakasalimu amri, kuta zikabomolewa huku filimbi zinapigwa, Sparta ikaweka utawala wa watu 30 ambao waliua si chini ya 1,500. Na Plutarch anasema hao thelathini waligeuza jukwaa la wasemaji pale Pnyx. Zamani lilitazama bahari, wakaligeuza litazame mashamba, kwa kuamini kwamba nguvu ya bahari ndo mama wa demokrasia na wakulima hawana kero na utawala wa wachache. Yaani hata wao walijua.

Waliowang'oa walijikusanya wapi? Piraeus, bandarini, chini ya Thrasybulus, raia waliofukuzwa, wageni, watumwa, wengine na ngao za mbao au za matawi yaliyosukwa. 403 KK demokrasia ikarudi na wakala kiapo cha kutokumbushana mabaya, isipokuwa kwa wale wakubwa wachache wa utawala ule. Thrasybulus akataka wote waliopigana naye wapewe uraia, watumwa wakiwemo, ikapingwa mahakamani ikakwama.

Lakini kama miaka miwili baadaye likachongwa jiwe la kuwapa haki wageni waliokuwa naye Piraeus, na vipande vyake vipo mpaka leo. Hakuna cheo wala ukoo pale, ni jina na kazi ya mtu, jina na kazi ya mtu, mkulima, mpishi, seremala, mwendesha nyumbu, dobi.

Maswali karibuni, nipo.